Mshukiwa wa Maji ya Zambarau

Iko nchi moja ambayo ramani yake ni siri ya serikali, kwa hiyo msomaji atasamehe asipoelekezwa ilipo. Inatosha kujua kwamba ni nchi yenye amani nyingi, na kwamba amani hiyo inatunzwa na Wizara ya Kuaminiana. Jengo la Wizara ndilo refu kuliko yote mjini. Halina madirisha. Badala yake ukuta wake wa nje una matundu madogo ya duara, yaliyotobolewa kwenye kimo cha mdomo wa mtu mzima. Mwananchi mwenye jambo la jirani yake husogeza mdomo kwenye tundu akalisema, na ndani yuko mtu wa kulipokea. Matundu ya chini yaliongezwa baadaye, wazazi walipolalamika kwamba watoto wa shule wanachoka kusimama juu ya matofali.

Sheria mama ya nchi hiyo ni fupi: watu wakifika watatu, mmoja wao awe msikilizaji. Harusi ina wa kwake, msiba una wa kwake, na timu ya mpira ina wawili, mmoja wa kipindi cha kwanza na mwingine wa kipindi cha pili. Msikilizaji hatajwi. Hilo ndilo linalowafanya watu waishi kwa heshima, maana kila mtu humtazama mwenzake, humpima, humchekea, na kumwambia mambo mazuri tu.

Siwema Kabuye aliishi katika nchi hiyo bila kuwa na neno nayo. Alikuwa mwanamke wa makamo, mpana wa mabega, mwenye kicheko alichojifunza kukikata kabla hakijafika mwisho. Alikuwa na saluni ya nywele karibu na kituo cha zimamoto, na wateja wake waliingia mmoja mmoja. Wa pili akichungulia mlangoni, yule wa kwanza alikumbuka ghafla kwamba ameacha maharage motoni, akaondoka na nusu ya kichwa kikiwa hakijasukwa.

Mambo yake yalianza na kompyuta ya saluni, ile ya kupigia muziki. Siku za jua kali ilizidiwa na joto ikazima katikati ya wimbo. Siwema aliifungua kwa bisibisi ya kukazia kiti, akaitazama ndani, akaanza kuulizauliza. Ndipo aliposikia kwamba ziko kompyuta zinazopozwa kwa maji. Pampu ndogo huyasukuma maji kwenye mirija, yakapita juu ya ubongo wa mashine, yakabeba joto, yakalipeleka kwenye rejeta yenye feni, yakapoa, yakarudi. Kasha lake huwa la kioo ili watu waone. Na mashine ya namna hiyo haitoki jasho hata ukiichezea gemu zito kutwa nzima.

Gemu alilolipenda Siwema lilikuwa la magari ya mbio, ambamo dereva hukata kona yoyote aitakayo bila kusimamishwa na mtu wa kumuuliza anakwenda kwa nani.

Katika kutafuta vifaa alikutana na watu wawili wenye ugonjwa kama wake. Wa kwanza ni Hizza Mbaruku, muuza matairi, mtu mkubwa wa mwili na sauti, ambaye karibu kila sentensi yake ilianza na "Kweli ya Mungu". Kompyuta yake ilikuwa na ukubwa wa friji, na maji yake yalikuwa mekundu, rangi ya Chama, kwa usalama. Wa pili ni Mwalimu Tungaraza, mfundishaji wa jiografia. Kwa kuwa ramani ya nchi ilikuwa siri, alifundisha nchi nyingine tu. Kompyuta yake ilikuwa ndogo, ya maji meupe yasiyotiwa kitu, na aliifuta kioo kwa kitambaa kile kile cha miwani yake.

Wakawa wanakutana kila Jumamosi mchana katika stoo ya nyuma ya duka la Hizza, katikati ya matairi yaliyopangwa hadi darini. Kila mmoja alionyesha alichoongeza wiki hiyo: taa mpya, kiungo cha shaba, feni isiyopiga kelele. Lakini kabla ya kuwasha chochote, Hizza alisafisha koo.

"Kweli ya Mungu, bila Mheshimiwa Mlezi wa nchi yetu tusingekuwa hata na umeme wa leo."

"Na wa jana," aliongeza Mwalimu upesi, ingawa jana yake umeme haukuwapo.

"Na wa kesho," alisema Siwema, asije akaonekana amebaki nyuma.

Walikuwa watatu, na sheria waliijua. Mwezi mmoja Siwema aliamini kwamba msikilizaji ni Hizza, kwa sababu alikuwa anauliza sana. Mwezi uliofuata aliamini ni Mwalimu, kwa sababu alikuwa haulizi kitu. Wenzake nao walimkodolea yeye macho, akayaona.

Hata hivyo, ulimi wa mtu huchoka kulindwa. Siku moja Mwalimu, akieleza mrija upite wapi, alichora kwa kidole kwenye vumbi la tairi umbo fulani lenye ncha kusini na tumbo mashariki, akashtuka, akalifuta kwa mkono wa shati. Siku nyingine Hizza aliigiza namna Mheshimiwa Mlezi anavyovuta pumzi anaposoma bajeti. Na Siwema, umeme ulipokatika katikati ya hotuba ya redioni, alisema neno moja tu: "Afadhali." Kila mara mwenye kosa alirudi nyumbani akakaa akiungoja mlango ugongwe. Haukugongwa. Hilo nalo likawatia wasiwasi.

* * *

Mwaka huo yalitangazwa Maonyesho ya Fahari ya Taifa, na kila kikundi kikatakiwa kuleta kazi ya mikono yake. Wale watatu wakakubaliana kuunda mashine moja ya pamoja. Hizza alitoa rejeta na kuchonga vyuma. Mwalimu alipima. Siwema alikunja mirija.

Mrija wa plastiki ngumu haukunjwi kwa mabavu. Unaupulizia joto kwa kile kipulizio wanachotumia mafundi wa kubandua rangi ya zamani, unauzungusha, unangoja ulegee kama tambi iliyoiva, kisha unaukunja mara moja. Ukisita, unajikunyata na kuharibika. Siwema aliharibu mirija mingi, kwa sababu alikuwa amezoea kusita katika kila jambo. Mwishowe mikono yake ikajifunza.

Rangi ya maji ilichaguliwa kwa tahadhari. Nyekundu ilikuwa ya Chama, kijani ya jeshi, samawati ya Wizara, na njano ilikuwa ya watu fulani ambao hawakutajwa. Ikabaki zambarau, ambayo ilikuwa haijafanya lolote.

Ilipokamilika waliweka karatasi za chooni chini ya kila kiungo, wakawasha pampu, wakakaa wakizitazama. Karatasi ikilowa, hapo panavuja. Maji ya zambarau yakapanda, yakakata kona, yakateremka kwenye rejeta, na vipovu vikakimbizana hadi vikaisha. Karatasi zote zilibaki kavu. Hizza alimshika Mwalimu begani, akashindwa kusema hata ile Kweli ya Mungu yake. Siwema alicheka, na kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi hakukikata kicheko.

Hapo mlango ukagongwa.

* * *

Aliyeingia alijitambulisha kuwa Mkaguzi Luhende wa Wizara ya Kuaminiana. Alikuwa mfupi, nadhifu, mwenye koti la mifuko mingi, na sikio lake la kulia lilisimama zaidi kuliko la kushoto kwa mazoea ya kazi.

"Nimekuja na pole," alisema. "Kikundi hiki kina miaka miwili, na Wizara haijapata kutoka kwenu hata neno moja. Tulidhani msikilizaji wenu amefariki. Namwona kila mmoja ni mzima. Ni nani kati yenu?"

Pampu ilinguruma taratibu. Siwema alimtazama Hizza. Hizza alimtazama Mwalimu. Mwalimu alimtazama Siwema.

Kumbe msikilizaji hakuwapo. Kwanza moyo wa Siwema ulikuwa mwepesi kama wa mtu aliyetuliwa gunia. Halafu akapandwa na hasira. Miaka miwili ya kushukuru umeme ambao haukuwapo, na hakuna aliyekuwa anasikiliza!

"Hayupo?" aliuliza Mkaguzi, na sauti yake ikapungua. "Watu watatu, miaka miwili, hakuna wa kuwasikiliza? Sasa maneno yenu mlikuwa mnamwambia nani?"

"Tulikuwa tunaambiana," alijibu Mwalimu.

Ilibidi Mkaguzi akae juu ya tairi. Alipopata nguvu aliinuka akaisogelea mashine.

"Maji haya yanatoka wapi?"

"Kwenye tangi, Mheshimiwa," alisema Hizza.

"Yanakwenda wapi?"

"Kwenye tangi."

"Lile lile?"

"Kweli ya Mungu, lile lile."

"Nimeifanya kazi hii tangu ujana," alisema Mkaguzi polepole. "Sijapata kuona kitu kinachozunguka bila nia." Aliweka sikio lake la kulia kwenye kioo, akasikiliza, akakunja uso. "Mpaka Jumamosi ijayo mchague msikilizaji. Mkishindwa, hiki kitachukuliwa kuwa chombo cha maji kisicho na maelezo, na ninyi mtatenganishwa kwa usalama wenu, kila mtu na mkoa wake."

* * *

Alipoondoka, kwanza hakuna aliyetaka kazi hiyo. Mwalimu akawaza kwa sauti kwamba, ukitazama vizuri, msikilizaji ndiye mtu pekee katika kikundi asiyesikilizwa. Baada ya hapo hakuna aliyeikataa. Walipiga kura kwa kutumbukiza vipande vya karatasi kwenye kofia ya Hizza. Kila mmoja akapata kura moja.

Siwema alijua kura yake aliipa nani. Alikasirishwa sana na wenzake kwa kufanya vile vile.

Jumanne asubuhi alifunga saluni akaenda Wizarani kwa njia ya mzunguko. Getini alikutana na Mwalimu Tungaraza akitoka, macho yakiangalia juu kama anayetafuta mvua.

"Mwalimu! Na wewe huku?"

"Nilikuja kuuliza njia," alisema mfundishaji wa jiografia. "Na wewe, Dada Siwema?"

"Njia hiyo hiyo."

Ndani aliketishwa kwenye korido. Nyuma ya mlango mmoja alisikia mtu akiapa kwa sauti nene, na kiapo chenyewe kilianza na Kweli ya Mungu. Harufu ya mpira mpya ilipita chini ya mlango.

Zamu yake ilipofika, Mkaguzi Luhende alimpokea kwa mikono miwili.

"Umefanya jambo la kizalendo, Dada yangu. Kuanzia leo wewe ndiye msikilizaji wa kikundi kile, wewe peke yako. Wenzako wasijue kamwe."

"Peke yangu, Mheshimiwa?"

"Peke yako. Hivyo ndivyo ninavyomwambia kila aliye peke yake."

* * *

Jumamosi zikawa kimya. Walikaa watatu kuizunguka mashine, kila mmoja ameinamisha kichwa kidogo upande wa sikio, akingoja mwenzake aseme. Msikilizaji hasemi. Gemu lilichezwa bila kelele. Magari yalipinduka na hakuna aliyesema pole. Hizza alipokohoa, wenzake wawili walikitia kikohozi akilini.

Kila wiki Siwema alikwenda kwenye tundu akaeleza alichosikia, yaani pampu. Mkaguzi akamwita.

"Dada yangu, taarifa isiyo na mtu ndani yake ni hali ya hewa. Mimi sikukuajiri unisomee hali ya hewa. Wiki hii niletee kosa na mwenye kosa. Ukikosa, itanibidi nijiulize kwa nini husikii, na jibu la swali hilo huwa na jina la mtu, mara nyingi la yule asiyesikia."

Siwema hakula siku hiyo. Kosa alikuwa nalo. Alikuwa na lile umbo la kwenye vumbi, lenye ncha kusini na tumbo mashariki. Kwa umbo hilo Mwalimu angepelekwa mahali ambapo hata yeye hajapafundisha. Alikuwa na ile pumzi ya bajeti ya Hizza. Na wao walikuwa na "Afadhali" yake. Alijua walikuwa wameambiwa maneno yale yale aliyoambiwa yeye. Wakati huo huo, pengine, mmoja wao alikuwa amekwisha kusogeza mdomo kwenye ukuta na kulisema jina la Siwema Kabuye. Mwenye akili angewahi.

Aliwahi. Chuma cha tundu kilikuwa na vuguvugu la mdomo wa mtu aliyetangulia, na kilinuka dawa ya meno.

"Sema," ilisema sauti ya mwanamke kutoka ndani, akitafuna karanga.

"Ni kuhusu kikundi cha kompyuta. Kuna mmoja wetu..."

"Jina."

Siwema alifumba macho. Badala ya jina, alichoona ni mkono wa shati la Mwalimu ukifuta vumbi kwa hofu, na ule mkono mkubwa wa Hizza ukiwa begani mwa mwenzake siku karatasi zilipobaki kavu.

"Ni kompyuta," alisema.

Utafunaji ulisimama. "Kompyuta ya nani?"

"Yenyewe. Ile ya zambarau. Inanung'unika. Hotuba ya Mheshimiwa Mlezi ikianza redioni, inapanda joto. Ndani yake kuna maji, na msimamo wa maji hayo haujulikani."

"Ina wenzake?"

"Haijataja."

"Haya. Mwingine."

Alirudi nyumbani akiwa na hakika ya mambo mawili: kwamba amefanya upumbavu, na kwamba wenzake hawakuufanya. Alifunga nguo chache kwenye begi, akaliweka karibu na mlango.

* * *

Walikuja Jumamosi, lakini hawakumkamata yeye. Askari waliingia stoo kwa kishindo, wakaiamuru mashine isimame. Ilikuwa imesimama. Pingu hazikupata mkono wa kufunga, zikafungwa kwenye mrija. Wakaibeba ikiwa imelala ubavu, vipovu vikikimbia humo ndani, na Hizza akawafuata hadi barabarani akiwaambia wasiilaze, wasiilaze, hewa itaingia kwenye pampu. Sajenti alimwambia aeleze hayo mahakamani.

Kesi ilivuta watu wengi. Hakimu, mzee mnene mwenye miwani miwili, mmoja wa kusomea na mwingine wa kutisha, alianza kwa kutatua jambo la lugha. Upande wa mashitaka ulikuwa ukisema "kompyuta ilinung'unika". Hakimu alieleza kwamba kitu hakiwezi kuwa na nia, na bila nia hakuna kosa. Kwa hiyo aliamuru kwamba kuanzia dakika hiyo mshitakiwa atajwe katika ngeli ya watu. Karani akafuta, akaandika: kompyuta alinung'unika.

Mshitakiwa akawashwa ajibu mashitaka. Kwa kuwa alikuwa amebebwa kwa ubavu, hewa ilikuwa imejaa kwenye pampu, na alichotoa ni mgugumio mrefu wa koo.

"Anaijibu mahakama hivyo!" alisema Hakimu. "Andika na dharau."

Wakili wa serikali akasimama. "Mheshimiwa Hakimu, tangu Wizara ianzishwe, wasikilizaji watatu hutuletea habari saba zinazopingana. Leo, kwa mara ya kwanza katika historia ya nchi, wasikilizaji watatu wasiojuana wamesema jambo moja. Naomba sauti zao zisikike. Zimebadilishwa kwa usalama wao."

Sauti ya kwanza ilikuwa nyembamba kama ya mbu. "Ni kompyuta," ilisema. "Yenyewe. Ile ya zambarau." Siwema alijisikia mwenyewe, akatazama sakafu.

Sauti ya pili ilikuwa ya mbu huyo huyo. Siwema alishika ukingo wa benchi. Sasa ingekuja "Afadhali" yake; sasa lingekuja jina.

"Kweli ya Mungu," alisema mbu, "kati yetu mwenye matatizo ni mmoja tu, naye ni mashine. Binadamu wawili wale sijawasikia wakisema neno baya hata siku moja. Kwanza ni watu wa kushukuru umeme. Lakini ile mashine, kweli ya Mungu, ina kiburi. Itazameni inavyong'aa."

Sauti ya tatu ilisema taratibu, kwa mpangilio wa mtu aliyezoea ubao. "Kosa ni la kompyuta. Linaanzia kwenye pampu, upande wa kaskazini, linaelekea magharibi kwenye rejeta. Binadamu waliokuwa karibu hawakushiriki. Narudia kwa faida ya walio nyuma: hawakushiriki."

Watatu wale walikuwa wamekaa mabenchi matatu tofauti. Hakuna aliyegeuka, maana kugeuka kungekuwa ushahidi. Lakini Siwema aliona shingo nene ya Hizza mbele yake ikitetemeka, na nyuma yake akasikia mtu akivua miwani na kuifuta, akaifuta tena. Yeye mwenyewe machozi yalimtoka waziwazi. Mama aliyekaa karibu naye alimpa leso akamwambia asilie, nchi itashinda.

Hukumu ilikuwa kumwagwa maji hadharani, siku ya Maonyesho ya Fahari ya Taifa.

* * *

Basi ile mashine ikaonyeshwa. Iliwekwa katikati ya uwanja, juu ya jukwaa la zulia, na askari kila pembe. Ili wananchi wamwone mhalifu vizuri, Wizara iliagiza awashwe taa zote, na wale watatu wakaitwa kumtoa hewa kwenye pampu, kwa kuwa hakuna afisa aliyejua. Maji ya zambarau yalipopanda kwenye ile mirija na kukata kona moja baada ya nyingine, uwanja mzima ulisema "Aaa!" kabla haujakumbuka kwamba ulipaswa kuzomea. Siwema alisikia fahari na huzuni kwa pamoja, akashindwa kujua ipi ashike.

Kisha Mkaguzi Luhende alisoma hotuba ndefu kuhusu maji yenye nia, akafungua bomba la chini, na maji yakatiririka kwenye ndoo ya serikali hadi mirija ikabaki mitupu.

Lakini watu hawakuitazama ndoo. Waliwatazama wale watatu, waliosimama kando ya jukwaa wakiwa huru, kila mmoja na medali ya usikilizaji kifuani. Siwema aliona minong'ono ikienda kutoka mtu hadi mtu, macho yakifumbuka. Kikundi kilileta mshitakiwa. Mshitakiwa si mtu. Watu wote wamerudi nyumbani.

Jumatatu mama mmoja muuza vitambaa aliingia saluni, akaketi, akasema hataki kusukwa.

"Nataka kompyuta ya maji," alisema kwa sauti ya chini. "Tuko tisa pale nyumbani, na zamu ya taarifa ni yangu. Nitengenezee yenye sura ya hatia."

Siwema alimtazama kwa muda. Angeweza kuwa ametumwa. Watu wengi walikuwa wametumwa. "Ya rangi gani?" aliuliza hatimaye.

"Jirani amesema atachukua ya kijani. Mimi nipe yoyote, mradi inanung'unika."

Msimu haukuisha kabla stoo ya Hizza haijawa kiwanda. Mwalimu alipima, Siwema alikunja, Hizza alibeba. Kila ofisi, kila ukoo, kila kwaya ikaweka mashine yake mlangoni, ya kuchezea gemu na ya kushitakiwa. Vijana walizishindanisha kwa uzuri, wazazi wao wakazisemea ukutani kwa zamu. Askari walizikusanya kwa malori, na orofa za chini za Wizara zikajaa makasha ya kioo yanayong'aa rangi zote na kugugumia. Makarani walikesha wakizihoji. Huku nje watu walikaa wanne, hata watano, kwenye benchi la saluni, wakisemana, wakicheka hadi mwisho, na maharage ya watu hayakuungua tena.

Wizara ilitoa tamko kwamba wananchi hawajawahi kuaminiana kiasi hiki, na ikajipongeza.

* * *

Siku moja mchana, saluni ikiwa tupu, aliingia Mkaguzi Luhende. Hakuwa na koti. Alisimama mlangoni, akatazama barabara upande huu na upande ule, akaufunga mlango kwa ufunguo.

Siwema alisimama na kitana mkononi. Mwili wote ulimwambia kwamba huu sasa ndio mtego.

"Karibu, Mheshimiwa. Ni nywele?"

"Nina nywele gani mimi." Alikaa kwenye kiti mbele ya kioo, akajitazama, akageuza uso. "Dada Siwema, nasikia unatengeneza."

"Kwa kibali, Mheshimiwa."

"Najua kibali. Nilikitia saini. Nataka moja. Ya ofisini kwangu. Ndogo tu, ikae karibu na meza yangu, karibu sana, ili mtu akisikia sauti pale asijue ni ya nani."

"Kwani ofisini kuna nani wa kukusikiliza, Mheshimiwa?"

Sikio lake la kulia lilikuwa limelala.

Siwema alifikiri. Akikubali, na ikiwa ni mtego, yeye na Hizza na Mwalimu wamekwisha. Akikataa, na ikiwa si mtego, huyu mtu atatoka hapa akiwa hana pa kwenda. Hakuna namna ya kujua. Alikumbuka mrija ulio moto mikononi, na jinsi unavyoharibika mtu akisita.

"Ninamuuliza kila mteja swali moja," alisema. "Inabidi mashine iwe na kosa linaloeleweka. Ungependa ya kwako iwe imesema nini?"

Mkaguzi alitazama tena mlango aliokuwa ameufunga. Kisha akaanza. Alianza na jambo dogo, la picha ya Mheshimiwa Mlezi iliyoning'inia mbele ya kitanda chake, na jinsi ambavyo hajalala vizuri tangu aipewe. Akaingia kwenye bajeti. Akasema juu ya ndugu yake aliyepelekwa mkoani, na ni nani aliyemsemea ukutani. Sauti yake ilipanda, na maneno yakawa yanatoka yote, ya miaka yote, bila mpangilio na bila kukoma, na nje ya dirisha watu walikuwa wakipita.

Siwema aliivuta draya kubwa ya kukaushia nywele, akaishusha juu ya kichwa chake kitupu, akaiwasha kwa nguvu ya mwisho. Saluni ikajaa mvumo. Kwenye kioo midomo ya Mkaguzi iliendelea kwenda. Siwema alimgeuzia mgongo, akachukua ufagio, akafagia sakafu polepole, akimngoja amalize.